Liwali Aliondoka, Wilaya Ikabaki

Mkoa wa Tabora una wilaya saba: Tabora Mjini, Uyui, Nzega, Igunga, Sikonge, Urambo na Kaliua. Kila wilaya ina ofisi yake, na mlangoni pana kibao chenye maneno yaleyale: Ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mkulima wa tumbaku aliyetoka Urambo na mgogoro wa mpaka wa shamba hupita chini ya kibao hicho. Mama wa Isevya, mjini Tabora, mwenye shauri la kiwanja hupita chini ya kibao kama hicho. Wote wawili hulisoma neno "wilaya" bila kujiuliza lilitoka wapi, kwa kuwa ni neno la kila siku kama barabara au shule.

Lakini neno hilo lilikuwa na mwenyewe. Kwa asili yake ya Kiarabu, wilaya ni eneo analolisimamia wali, yule ambaye Waswahili walimwita liwali. Penye sultani pana usultani, na penye wali pana wilaya. Tanzania leo ina wilaya zaidi ya 130, na haina liwali hata mmoja. Jinsi eneo lilivyobaki na mtu akaondoka ni habari inayopita Muskati, Mombasa, Kongo na Uturuki, na sehemu yake kubwa ilitendeka Tabora, kwenye njia ya misafara.

Kiarabu kinasema al-wali. Watu wa pwani walilitamka neno pamoja na kiambishi chake, sauti ya mwanzo ikaanguka, likazaliwa liwali. Mzizi wake una maana ya kuwa karibu na jambo na kulisimamia. Ndugu zake tunao bado: walii anayesimama kumwozesha binti siku ya nikahi, na walii mcha Mungu ambaye watu huzuru kaburi lake. Kwa hiyo liwali, tangu asili, si mwenye nchi. Ni mtu aliyekabidhiwa usimamizi na mwingine aliye mbali, na nguvu yake hutegemea mambo mawili: aliyemtuma anamwamini kiasi gani, na waliopelekewa wanamkubali kiasi gani.

Mtihani huo wa pili ndio uliokuwa mgumu Tabora.

Tarehe 7 Novemba 1857, baada ya mwendo wa siku 134 kutoka pwani, msafara wa Waingereza Richard Burton na John Speke uliingia Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo sasa ni Tabora. Aliyeuongoza msafara huo kwa niaba ya wageni alikuwa Said bin Salim, wa ukoo wa Lamki. Mwenyeji wao Kazeh alikuwa Snay bin Amir, tajiri wa pembe za ndovu, na nyumba yake ndiyo iliyowapumzisha wagonjwa wawili wale. Mwaka 1861, Speke aliporudi kwa safari nyingine, Said bin Salim aliugua akaachwa hapohapo Kazeh. Hakuondoka. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1871 akimtafuta mmisionari David Livingstone, aliyempokea na kumfikisha kwenye tembe ya Kwihara alikuwa mzee yuleyule, sasa ni liwali wa Tabora, mtu wa Sultani wa Zanzibar.

Tembe ya Kwihara ipo hadi leo, kusini mwa mji, na imefanywa makumbusho. Ni nyumba ya udongo yenye kuta nene, paa la udongo lililo bapa, ua wa ndani, na milango ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa pwani. Livingstone alikaa humo akisubiri wapagazi, akaondoka tarehe 25 Agosti 1872 kwenda kufia ndani zaidi ya bara. Anayesimama katika ua ule anaelewa jambo moja ambalo vitabu hulipita haraka: hii haikuwa ngome. Haina minara, haina mahali pa mizinga. Ni nyumba ya mfanyabiashara anayeishi kwenye ardhi ya mtu mwingine.

Ardhi ilikuwa ya mtemi. Wazee wa Kinyamwezi huliunganisha jina hilo na kutema, yaani kukata: wapo wanaosema mtemi ni yule wa kwanza aliyefyeka pori, wengine husema ni yule anayekata mashauri. Chini yake walikuwapo wanangwa, wakuu wa vijiji. Mtemi Fundikira wa kwanza alikuwa na uhusiano mwema na Waarabu. Alipofariki, karibu mwaka 1858, akamfuata Mnywasele, ambaye wazungu walimwandika Manwa Sera, naye akaamua kwamba bidhaa zinazopita katika nchi yake zitozwe ushuru. Serikali yoyote ya leo ingemwelewa. Wafanyabiashara walikataa, wakamwondoa kwa silaha na kumsimika Mkasiwa mahali pake. Vita ile iliendelea miaka kadhaa. Snay bin Amir alikufa ndani yake, na Mnywasele mwenyewe alikamatwa na kuuawa mwaka 1865.

Katikati ya mambo kama hayo, liwali alikuwa na kazi gani? Alipokea barua za Sultani na wageni waliokuja nazo. Alisuluhisha madeni, na madeni yalikuwa mengi, kwa kuwa mali yote ilitoka pwani kwa mkopo: vitambaa, shanga, bunduki na baruti zikienda bara, pembe za ndovu na watumwa wakirudi. Biashara ile ya binadamu haiwezi kuachwa nje ya hadithi hii, maana ndiyo iliyojenga sehemu ya nyumba zile nzuri. Liwali alikuwa msemaji wa Waarabu na Waswahili wa mji mbele ya mtemi. Kuamuru hakuweza. Agosti 1871, Mtemi Mirambo wa Urambo alipoivamia Tabora yenyewe, alitoka kupigana naye Khamis bin Abdallah, mfanyabiashara, akiwa na watu wake wachache, akauawa. Wengine wengi walibaki ndani ya matembe yao wakilinda mali. Mji ulikuwa na liwali, lakini haukuwa na wa kuwaambia watu tokeni wakatoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1870 Said bin Salim alisukumwa nje ya cheo, na Abdallah bin Nasibu, mpinzani wake wa muda mrefu, akakishika. Ujiji nako, mapema miaka ya 1880, Mwinyi Kheri, mfanyabiashara kutoka pwani ya Mrima, alitambuliwa na Sultani Barghash kuwa liwali. Mtu aliyekuwa tayari na nguvu alipewa jina na bendera, na Unguja ikajihesabia nchi nyingine.

Mombasa kisa kilikuwa kinyume kabisa. Huko liwali aliota mizizi. Watu wa ukoo wa Mazrui walitumwa na Oman kuushika mji katika karne ya 18, baada ya Wareno kufukuzwa. Ukoo wa Albusaidi ulipotwaa utawala wa Oman katika miaka ya 1740, liwali wa Mombasa alikataa kumtii mtawala mpya. Kuanzia hapo Wamazrui walitawala kwa ajili yao wenyewe, baba kwa mwana na ndugu kwa ndugu, hadi Seyyid Said wa Albusaidi alipouchukua mji mwaka 1837. Cheo cha mtu aliyetumwa kilikuwa kimekuwa kiti cha kurithi kwa takriban miaka mia. Wangelijiita masultani hakuna ambaye angeshangaa.

Kisha kuna kisa cha Kongo, ambacho kina damu ya Tabora ndani yake. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara aliyefanya makazi Ituru, jirani na Tabora, na aliyeoa katika nyumba ya Fundikira. Februari 1887, mjini Zanzibar, Tippu Tip alitia saini mkataba na Stanley, aliyetenda safari hii kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kwa mkataba huo akawa liwali wa maporomoko ya Stanley, mahali ambapo leo ni Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, akipeperusha bendera ya dola ya Kongo. Sharti mojawapo lilikuwa kuzuia utekaji wa watumwa, na aliyepewa kazi hiyo ni mtu ambaye misafara yake ilikuwa imeteka watu miaka mingi. Neno lilikuwa lilelile la Muskati na Mombasa, ila aliyetuma sasa alikuwa mfalme Mkristo wa Ulaya. Tippu Tip alirudi pwani miaka michache baadaye na kusimulia maisha yake kwa Kiswahili. Alifariki Zanzibar mwaka 1905.

Mwaka 1890 Mjerumani Emin Pasha alifika Tabora na bendera ya Ujerumani. Waarabu wa mji walikubaliana naye, na mtu wao akaendelea kuitwa liwali, sasa chini ya Kaisari. Mtemi Isike, mwana wa Mkasiwa, hakukubali. Alipigana hadi Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa na kikosi cha Tom von Prince, naye akachagua kufa kwa baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa. Wajerumani wakamsimika mwanamke, Nyaso, katika kiti cha Unyanyembe.

Wajerumani waliyaokota majina ya vyeo waliyoyakuta pwani, wakayapanga upya kama mtu anayepanga vyombo vya nyumba ya urithi. Liwali akawekwa katika miji ya pwani. Chini yake akaja akida, ambaye zamani alikuwa kamanda wa askari, sasa amekuwa mkusanya kodi wa tarafa nzima. Chini ya akida, jumbe wa kijiji. Katika sehemu za kusini, akida wa namna hiyo, mgeni kwa watu aliowatawala, alikuwa miongoni mwa sababu za hasira iliyolipuka katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Bara, watemi waliandikwa kwenye majalada kama "sultani", jina ambalo Zanzibar lilikuwa la mtu mmoja tu. Na juu ya wote hao alikaa ofisa Mjerumani ambaye wananchi walimpa cheo chao wenyewe, bora kuliko chochote kilichokuwa katika karatasi zake: Bwana Shauri. Walimwita kwa kazi waliyomwona akifanya, kusikiliza mashauri. Jina hilo lilidumu hata Waingereza walipokuja.

Waingereza waliigawa Tanganyika kwa majimbo, na Jimbo la Magharibi makao yake yakawa Tabora. Chini ya jimbo zikawa wilaya. Hapa ndipo jina lilipotengana rasmi na mwenyewe: wilaya ikawa ya Bwana DC, Mwingereza mwenye kofia ngumu, wakati liwali alibakizwa katika baadhi ya miji, akiendesha baraza la wenyeji na kukata kesi ndogo. Gavana Donald Cameron, kuanzia mwaka 1925, alirudisha heshima ya watemi na kuwafanya mikono ya serikali. Unyanyembe ikaendelea kuwa na mtemi wake, na wa mwisho mwenye mamlaka, Abdallah Said Fundikira, alikuwa msomi wa Makerere aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya kwanza ya uhuru.

Neno jimbo nalo lilihama. Serikali ya uhuru ilichukua "mkoa", na jimbo likaenda kuwa eneo la uchaguzi la mbunge. Wakatoliki bado wana Jimbo Kuu la Tabora.

Kenya liwali alikaa juu zaidi. Kwa mkataba wa mwaka 1895 ukanda wa pwani wa maili kumi ulibaki kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiuendesha kwa kodi. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, na liwali alikuwa ishara hai ya bendera ile. Salim bin Khalfan, mwanawe Sir Ali bin Salim, na baadaye Sir Mbarak Ali Hinawy walikuwa watu wakubwa mjini. Hinawy aliandika pia kitabu cha historia ya akida wa Ngome ya Yesu. Chini ya liwali walikuwapo mamudiri, wasaidizi wake, na pembeni yake kadhi.

Mwaka 1963 ndio uliofunga milango. Tarehe 1 Januari, utawala wa machifu ulikoma kisheria Tanganyika, na watemi wakawa raia kama wengine. Desemba, bendera ya Sultani ilishushwa Mombasa, baada ya Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte wa Zanzibar kukubaliana kwamba ukanda wa pwani ni Kenya. Mwezi mmoja baadaye yakaja mapinduzi ya Zanzibar, na sultani mwenyewe hakuwapo tena. Katika Kenya huru liwali na mudiri waliondoka. Kadhi alibaki, na mahakama yake imetajwa katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010.

Tanganyika, kiti cha Bwana DC kilijazwa tangu 1962 na kamishna wa eneo, ambaye pia alikuwa katibu wa chama cha TANU wilayani kwake. Huyo ndiye Mkuu wa Wilaya wa leo. Anateuliwa na Rais, anaongoza kamati ya ulinzi na usalama, na sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48. Ni mamlaka ambayo Said bin Salim hakuwahi kuyaota, na ambayo wananchi wana haki ya kuyatazama kwa makini kila yanapotumiwa. Amri ya saa 48 ni jambo zito kwa mama wa Isevya kuliko asili ya neno lolote.

Nje ya Afrika Mashariki, mwenye jina yuko hai. Oman ina mikoa 11, na chini yake wilaya 63, kila moja na wali wake. Mtanzania aliye Muskati akienda Ibra au Nizwa anaisikia "wilaya" ikitamkwa karibu sawasawa na nyumbani. Algeria imelikweza neno: huko wilaya ni mkoa mzima, na wali ni mkuu wa mkoa. Morocco na Sudan nazo zina mawali. Uturuki ndiyo inayostahili kutazamwa kwa muda. Dola ya Osmani iliigawa nchi kwa vilayet, kila moja na vali. Jamhuri ya Uturuki leo ina mikoa 81, na kila mmoja unaitwa "il", neno la Kituruki halisi. Anayeuongoza bado ni vali. Waturuki walibadilisha jina la eneo wakambakiza mtu. Sisi tulimwondoa mtu tukabakiza jina la eneo.

Na si kwa liwali tu. Katika Unyamwezi na Usukuma, makazi ya mtemi yaliitwa ikulu. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika "Kwikuru" kwenye ramani zao wakidhani ni jina la mji, kumbe waliambiwa tu "huko ikulu". Mtemi alipoteza mamlaka, lakini ikulu yake ilisafiri kwenda Dar es Salaam na Dodoma, ikawa jina la makazi ya Rais. Kila mtangazaji anaposema "taarifa kutoka Ikulu imesema", anatumia neno la nchi ya Isike na Mirambo. Watu wa Tabora wana haki ya kujivunia hilo zaidi ya wanavyofanya.

Gavana naye ametawanyika. Zamani alikuwa mtu mmoja, mwakilishi wa Malkia. Wa mwisho Tanganyika alikuwa Sir Richard Turnbull. Tangu Edwin Mtei mwaka 1966, ukisema gavana Tanzania watu huelewa mkuu wa Benki Kuu. Vuka mpaka wa Namanga, na tangu uchaguzi wa 2013 utakuta magavana 47, kila mmoja amechaguliwa kwa kura na wananchi wa kaunti yake.

Msomaji anayetaka kuyaona mabadiliko haya kwa macho yake asitafute mbali. Achukue Biblia ya Union afungue Mathayo sura ya 27: Pilato ni liwali. Kisha achukue Biblia ya Habari Njema, tafsiri ya miaka ya baadaye, afungue sura hiyohiyo: Pilato ni mkuu wa mkoa. Mrumi yuleyule na kesi ileile, ila wafasiri wa pili walijua kwamba kijana wa wakati wao hajawahi kumwona liwali.

Wapo bado wazee waliomwona. Katika miji ya pwani na ile ya bara iliyokuwa na baraza la liwali, wamo wanaokumbuka baba zao wakiitwa huko kwa kesi ya deni, ya mirathi au ya mnazi uliokatwa, na katika masanduku yao zimo karatasi za siku zile, zimekunjwa mara nne, wino umefifia. Aliye na hati yenye jina au muhuri wa liwali asiitupe wala asiichome wakati wa kusafisha nyumba ya marehemu. Aipeleke Nyaraka za Taifa, au akikosa nafasi, aipige picha na kuandika nyuma yake jina la aliyeitunza na mji ilikotoka.